Kumwandaa Msimamizi: Kozi Fupi, Mwezi Mmoja Kampuni Nyingine, na Kazi ya Kurudi Nayo

Wasimamizi wengi hupatikana kwa njia ileile. Fundi anayeijua mashine kuliko wenzake, mhudumu anayesifiwa na wateja au karani asiyekosea hesabu hupewa barua ya kupandishwa cheo, na Jumatatu inayofuata anawaongoza watu aliokuwa akila nao chakula cha mchana. Kilichompandisha ni ustadi wa mikono yake. Anachotakiwa kufanya sasa ni kuipanga mikono ya wengine, kusuluhisha ugomvi wa zamu, kumkanya rafiki anayechelewa, na kumweleza meneja kwa nini mzigo wa jana haukutoka. Mambo hayo hakufundishwa na mtu. Malalamiko yakizidi hupelekwa semina ya siku tatu hotelini, hurudi na cheti, na idara huendelea kama ilivyokuwa. Mwongozo huu ni wako wewe unayeamua fedha za mafunzo ziende wapi: mwenye kampuni, meneja mkuu, au afisa rasilimali watu wa mahali penye wafanyakazi hamsini hadi mia kadhaa. Ushauri wangu ni huu: punguza saa za darasani, mpeleke mfanyakazi wako akakae walau mwezi mmoja katika kampuni nyingine, karibu na mtu anayefanya maamuzi kila siku, na kabla hajaondoka, mkubaliane jambo moja atakalolibadilisha akirudi, pamoja na mamlaka ya kulibadilisha. Kozi ibaki, lakini kazi yake iwe kuzitumikia hatua hizo mbili.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi umetoka Nairobi. Wachumi Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson walifanya jaribio Dandora, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018. Wanawake wenye biashara ndogo ambazo bado zilikuwa changa waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walifundishwa darasani kanuni za biashara, wengine walikutanishwa na mwanamke mwenye biashara iliyokomaa katika eneo hilohilo wakawa wanaonana naye kwa mwezi mmoja, na wengine hawakupewa kitu. Faida ya waliokaa darasani haikuongezeka. Ya waliopewa mlezi ilipanda kwa wastani wa asilimia 20, kwa sababu mlezi alijua mambo ambayo mwalimu hana namna ya kuyajua: nani anauza mali kwa bei nafuu wiki hii, na mzigo upi usiupakie dukani. Usiichukue asilimia 20 ukaiandika kwenye bajeti yako, maana wale walikuwa wamiliki wa biashara za mtu mmoja na si waajiriwa. Kinachokuhusu ni tofauti kati ya makundi mawili yaliyopewa msaada. Watu walewale, mtaa uleule, na elimu iliyotolewa na aliye ndani ya kazi ikafanya kile ambacho elimu ya ubaoni haikufanya. Matokeo hayo yana nusu ya pili isiyofurahisha, nayo nitaifikia mbele.

Kwa kampuni kubwa zaidi tunao ushahidi wa aina mbili. Nchini India, Nicholas Bloom na wenzake walipeleka washauri wa uendeshaji katika viwanda vya nguo karibu na Mumbai. Washauri walishinda sakafuni penye mashine kwa miezi, wakiwasaidia mameneja kuandika kila kasoro ya kitambaa, kupanga stoo, na kuitunza mashine kabla haijaharibika. Utafiti wao wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba tija ilipanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza, ikilinganishwa na viwanda ambavyo havikupata msaada huo wa miezi. Nchini Italia, mwanahistoria wa uchumi Michela Giorcelli alifuatilia kampuni zilizowapeleka mameneja wao kwenye viwanda vya Marekani katika miaka ya 1950, chini ya misaada iliyofuata Vita Kuu ya Pili. Kampuni nyingine katika mpango huohuo zilipata mashine mpya tu. Zilizopeleka watu ziliendelea kukua katika mauzo, ajira na tija kwa angalau miaka 15, ilhali nafuu ya mashine peke yake haikudumu hivyo. Mashine huanza kuchakaa siku ya kwanza inapowashwa, lakini meneja aliyeona kwa macho yake jinsi kiwanda kingine kinavyopanga wiki yake huendelea kulinganisha kila anachokiona na kile alichokiona kule, na kulinganisha huko kunamsukuma atafute njia bora mwaka baada ya mwaka.

Hapo mwenye chuo atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, darasa halina kazi? Linayo, na kubwa. Mtu aliyepelekwa kampuni nyingine bila maandalizi huona mengi na kuelewa machache. Huiga ubao wa matangazo akaacha utaratibu unaoufanya ubao usomwe. Tena kampuni mwenyeji ina mazoea yake mabaya, na asiye na kipimo cha kuyatambua atayabeba yote pamoja na mazuri. Kwa hiyo swali linalofaa ni kiasi gani cha darasa, na darasa la nini. Mfano bora ninaoujua wa kozi iliyokuwa fupi na yenye nguvu ni ule wa Marekani kati ya 1940 na 1945, viwanda vilipojaa watu wasiowahi kufanya kazi ya kiwandani. Programu iliyoitwa kwa kifupi TWI iliwafundisha wasimamizi mambo matatu: namna ya kumfundisha mtu kazi, namna ya kuboresha utaratibu wa kazi, na namna ya kushughulika na watu. Kila kozi ilikuwa ya saa 10, vipindi vitano vya saa mbili mbili, na mshiriki hakuruhusiwa kuja mikono mitupu. Alileta kazi halisi ya idara yake na kuifundisha mbele ya wenzake huku wakimkosoa. Zaidi ya watu 1,500,000 walipitia mafunzo hayo kabla ya programu kufungwa, na Japani iliyachukua baada ya vita ikaendelea nayo muda mrefu.

Ukitaka kuipanga kozi yako, anza na mambo hayo matatu, kisha ongeza mawili ambayo msimamizi wa Afrika Mashariki hawezi kuyakwepa. La kwanza ni utaratibu wa nidhamu. Msimamizi anayemwambia mtu mbele ya zamu nzima "kesho usije" ameshaifikisha kampuni yake mlangoni mwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kama yuko Tanzania, na huko mwajiri ataulizwa kama alifuata Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa mwaka 2007 kwa Tangazo la Serikali Namba 42. Kenya nayo, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama, na kumsikiliza kabla ya kumwachisha kazi kwa utovu wa nidhamu. Nusu siku ya mazoezi ya kuigiza kikao cha nidhamu huokoa fedha nyingi. La pili ni hesabu: saa ya ziada inagharimu kiasi gani, mzigo uliorudishwa na mteja unakula faida ya mizigo mingapi iliyouzwa, na bajeti ya idara inasomwaje. Msimamizi asiyezijua namba hizi hubaki mjumbe anayepeleka maagizo chini na malalamiko juu. Mihadhara kuhusu aina za uongozi na maisha ya viongozi mashuhuri inaweza kusubiri.

Vyuo vya kutoa kozi ya namna hii tunavyo. ESAMI ya Arusha imekuwa ikiwafundisha mameneja wa ukanda huu tangu miaka ya 1970, Chuo Kikuu Mzumbe kilitokana na shule ya watumishi wa serikali za mitaa iliyoanza mwaka 1953, na kwa watumishi wa umma kipo Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania na, kwa Kenya, Kenya School of Government. Mbali na hivyo, kila mji mkubwa una washauri binafsi kadhaa. Jina la chuo lisikutoshe. Uliza kama mkufunzi atakubali kuja kwako siku moja kabla ya kozi aione kazi yenyewe. Kama saa za kozi zinaweza kugawanywa, nusu kabla ya mfanyakazi kwenda kampuni mwenyeji na nusu baada ya kurudi. Na kama mkufunzi atasoma daftari la mshiriki na kulijadili naye. Chuo kikikataa yote matatu, kina mtaala wa kuuza. Tafuta kingine.

Sasa kazi yako wewe, ambayo huanza kabla ya kozi na kabla hata ya kumtaja mtu. Tafuta tatizo moja la idara linaloweza kuhesabiwa. "Mawasiliano duni" halihesabiki. "Lori hukaa getini saa nne kabla ya kupakiwa" linahesabika. Vivyo hivyo chumba cha hoteli kinachochelewa kuwa tayari kwa mgeni, dawa zinazoisha muda wake stoo, mashine inayosimama kila zamu zinapopokezana, au idadi ya siku za utoro kwa mwezi. Chukua namba za miezi mitatu iliyopita. Kama hazipo, anza kuziandika leo na uahirishe mafunzo mpaka upatikane msingi wa kulinganisha. Waajiri wengi huliruka jambo hili kwa kuwa halina sherehe, kisha mwaka unaofuata hushindwa kumjibu mkurugenzi anayeuliza fedha za mafunzo zimeleta nini. Tatizo ulilolichagua ndilo litakaloamua mfanyakazi asome nini, aende wapi na apimwe kwa kipi, kwa hiyo usilichague peke yako ofisini. Waulize wanaolipata kila siku, akiwemo huyo unayefikiri kumpeleka.

Katika kumchagua mtu, usimpeleke aliyesalia bila safari mwaka huu kana kwamba mafunzo ni zamu ya posho. Mpeleke anayeongoza watu tayari, au atakayeongoza ndani ya miezi michache, kwa sababu kisichotumiwa mapema husahaulika. Peleka wawili kuliko mmoja, hata kama ni kwa awamu. Anayerudi peke yake na mawazo mapya huchoka haraka akizungukwa na wasioona alichokiona, na akihama, kila kitu kinahama naye. Angalia pia majina yanayojirudia. Kama wanaopendekezwa ni wanaume kila mwaka, huenda sababu ni namna unavyopanga muda na mahali: mwezi mzima mji mwingine ni mzito kwa mama mwenye mtoto mchanga, lakini kampuni mwenyeji iliyo mji huohuo, siku tatu kwa wiki kwa majuma manane, inawezekana. Chama cha Waajiri Tanzania kina programu ya kuwaandaa wanawake kwa uongozi iliyotokana na ile ya shirikisho la waajiri la Norway, NHO, na jambo la kuiga hapo ni kwamba mwajiri ndiye anayempendekeza mshiriki. Mwajiri aliyetia saini hawezi kudai baadaye kwamba hakujua mfanyakazi wake alikuwa akijiandaa kwa kazi gani.

Kutafuta kampuni mwenyeji ndiko wengi wanakokwama, kwa kuwa hufikiria kampuni zinazofanana na yao. Hizo ndizo zinazoshindana nawe, na hazitakufungulia mlango. Mtafute mwenyeji kwa tatizo. Kama shida yako ni kupokezana zamu, hospitali kubwa hupokezana zamu kila siku na uhai wa watu uko ndani yake. Mpeleke msimamizi wako wa kiwanda huko. Kama shida ni stoo, msambazaji wa dawa analazimika kujua tarehe ya kila boksi. Kama shida ni foleni ya wateja, tawi la benki lenye mpangilio mzuri litamfaa msimamizi wa mapokezi ya hoteli. Kuvuka sekta kwa namna hii si jambo geni kwetu. Mwaka 2007 Tanzania iliingia katika programu ya JICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa la Japani, iliyowapeleka Sri Lanka maofisa wa afya wa Afrika, kuiona Castle Street Hospital for Women ya Colombo, iliyopanga upya kazi zake kwa mbinu ya 5S iliyotoka katika viwanda vya Japani. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikawa ya kwanza kuijaribu nchini, hatua tano zikaitwa sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia, na hospitali nyingine zikaanza kwenda Mbeya kujifunza. Utaratibu uliozaliwa kiwandani ulifika wodini kwa kuwa kuna watu walikwenda wakauona ukifanya kazi.

Bado mwenyeji atauliza anapata nini. Njia nzuri ni kubadilishana: wewe unampokea wake mwezi unaofuata. Njia nyingine ni kuanza na wanaofanya biashara nawe. Mteja wako mkubwa ananufaika moja kwa moja msimamizi wako akijua mzigo unavyopokelewa kwake, na msambazaji wako vivyo hivyo. Ya tatu ni kupitia chama cha waajiri au cha wenye viwanda mlichojiunga nacho, ambako mameneja hujuana kwa sura. Kuhusu siri za biashara, andika karatasi fupi inayotaja asichoruhusiwa kukiona wala kukisema: bei, majina ya wateja, michanganyiko. Anachokwenda kujifunza, yaani jinsi asubuhi inavyopangwa na jinsi kosa linavyofuatiliwa, kwa kawaida hakimo katika orodha hiyo. Andika pia kwamba anabaki mwajiriwa wako, mshahara na michango yake ya hifadhi ya jamii inaendelea kulipwa na wewe, na mkubaliane mapema nani anabeba jukumu akiumia. Neno hili la mwisho huonekana dogo mpaka ajali itokee.

Mwezi mmoja ndicho kipimo cha chini ninachokipendekeza, na sababu yake ni ya kikazi. Ndani ya mwezi mshiriki ataona mwisho wa mwezi wenyewe: kuhesabu stoo, kufunga hesabu, saa za ziada kubishaniwa, lengo kufikiwa au kukosekana. Ataona mashine ikiharibika na mtu muhimu akiugua. Ziara ya siku mbili humwonyesha kampuni iliyojipamba kwa ajili ya mgeni. Kuna hatari nyingine inayojulikana na kila aliyewahi kuwapokea wanafunzi wa field: kutumwa kutoa fotokopi na kupanga mafaili hadi siku ya kuondoka. Mtu wako si mwanafunzi, na mwenyeji lazima alijue hilo tangu barua ya kwanza. Awe na mlezi mmoja aliyetajwa kwa jina, mwenye cheo kinacholingana na cha kwake au kinachokizidi kwa ngazi moja, na akae naye katika kikao cha asubuhi, katika mzunguko wa sakafuni na, inaporuhusiwa, katika mazungumzo na mfanyakazi aliyekosea. Kila jioni aandike katika daftari uamuzi mmoja alioushuhudia: ulikuwa upi, ulitegemea taarifa gani, nani aliulizwa, nani hakuulizwa, na siku zilizofuata zilionyesha nini. Maamuzi ishirini yaliyoandikwa hivyo ni kitabu ambacho mkufunzi anaweza kufundishia nusu ya pili ya kozi.

Utasema huwezi kumkosa msimamizi mwezi mzima. Kwa kampuni ndogo hilo ni kweli, na ndiyo maana nimetaja siku tatu kwa wiki. Lakini jiulize pia maana ya idara kutoweza kuishi wiki nne bila mtu mmoja. Ana homa siku moja na kazi inasimama. Hilo tayari ni tatizo la usimamizi, na mafunzo haya yanakupa nafasi ya kulitibu. Anayekaimu nafasi yake naye anafundishwa, mradi umpe mamlaka ya kweli na posho ya kukaimu, na umwachie mwenye nafasi wiki moja ya kumkabidhi kazi kwa maandishi. Kampuni inayofanya hivi hupata watu wawili kwa gharama inayokaribia ya mmoja. Kama hakuna wa kukaimu kabisa, ahirisha safari, anza na kozi ya saa 10 kwa wasaidizi, kisha urudi kwenye mpango huu baada ya nusu mwaka.

Pingamizi zito zaidi ni la mwajiri anayesema, "Nitamfundisha, kisha ataondoka." Historia haimcheki. Mwaka 1979 kampuni ya Desh Garments ya Bangladesh ilipeleka wafanyakazi wapatao 130 Pusan, Korea Kusini, wakafunzwa miezi sita katika kiwanda cha Daewoo. Miaka iliyofuata wengi wao waliihama Desh, wakaanzisha viwanda vyao au wakaajiriwa na wengine, na sekta nzima ya mavazi ya nchi hiyo ikakua juu ya mabega yao. Desh nayo iliongeza mauzo yake ya nje mara nyingi katika mwongo huo. Hata hivyo, ukiwa mwenye kampuni, faida ya taifa haikulipii ada, kwa hiyo nakujibu kwa mambo yaliyo mikononi mwako. Ule ulikuwa mlango mpya: sekta ilikuwa ndiyo kwanza inazaliwa, na kila aliyeijua kazi aliweza kuwa tajiri. Hali ya kawaida si hiyo. Nchini Ethiopia, watafiti waliwaweka vijana wasomi kwa mwezi mmoja kando ya mameneja wa kampuni zilizokwisha kusimama, na kilichoongezeka baadaye ni ajira ya mshahara, kujiajiri hakukuongezeka. Mkataba wa kubaki kwa mwaka mmoja, unaomtaka arudishe sehemu ya ada akiondoka mapema, ni wa haki ukisainiwa kabla na ukipungua kadiri miezi inavyopita. Mkataba wa miaka mitano humfunga mtu asiyetaka kuwapo, na huyo hakufai. Kinachowaondoa wengi ni kurudi kwenye mshahara uleule, meza ileile na bosi yuleyule asiyetaka kusikia. Panga nyongeza ya mshahara, hata ndogo, ianze pale jambo mlilokubaliana litakapokamilika.

Kuhusu fedha, hesabu kila kitu: ada ya kozi, nauli, posho, malipo ya anayekaimu, na saa za mlezi kule mwenyeji. Kisha weka kando yake gharama ya semina ya hotelini kwa watu 20, ukumbi, chakula na posho zao zote. Mara nyingi fedha ya semina moja inatosha watu wawili au watatu kwa mpango huu, na hapo wengi waliozoea semina watalalamika kwamba mafunzo yamepungua. Uwaeleze wazi. Kenya, mwajiri huchangia shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwenye mfuko unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, sawa na shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kampuni ya watu 100, na aliyelipa anaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Omba idhini kabla ya kozi kuanza. Tanzania, Tozo ya Kuendeleza Ujuzi hulipwa na mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na mwaka 2023 ilipunguzwa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 3.5 ya malipo ya mishahara. Fedha hiyo huingia serikalini, kwa hiyo bajeti ya mpango wako itoke kwenye mfuko wako.

Nirudi sasa kwenye ile nusu isiyofurahisha. Dandora, faida ilififia kadiri walezi na wanawake wale walivyoacha kuonana. Mumbai, watafiti waliporudi miaka minane hadi tisa baadaye walikuta takriban nusu ya taratibu zilizoanzishwa zimeachwa, na sababu mojawapo ilikuwa kuondoka kwa mameneja waliozianzisha. Anayepinga mpango huu anaweza kuzishika habari hizo na kusema kwamba hata mafunzo ya sakafuni huisha. Mimi nazisoma hivi: kilichofundishwa kilifanya kazi mradi kulikuwa na mtu wa kukishika, na kurudi kwa mfanyakazi ndiyo hatua inayopangwa vibaya kuliko zote. Mwaka 1988, Timothy Baldwin na Kevin Ford walikusanya tafiti zilizohusu jinsi mafunzo yanavyohamia kazini, wakaonyesha kwamba pamoja na mwanafunzi na kozi yenyewe, mazingira anayoyarudia ni sehemu ya sababu. Kwa lugha ya ofisini, bosi wake ni sehemu ya mafunzo. Kwa hiyo karatasi ya ukurasa mmoja isainiwe na watatu kabla ya safari: mfanyakazi, bosi wake na wewe. Itaje tatizo na namba yake ya leo. Kiasi cha fedha ambacho mfanyakazi anaweza kukitumia akirudi bila kuomba ruhusa. Taratibu anazoruhusiwa kuzibadilisha. Na nusu saa kila wiki ya kukaa na bosi wake kwa miezi sita. Mlezi wa kule mwenyeji apigiwe simu mara moja kwa mwezi, na itakapowezekana aje aone. Kila utaratibu mpya unaokubalika uandikwe na kufundishwa kwa watu wawili wengine, ili usihame na mtu mmoja.

Katika kupima, usitosheke na fomu ya siku ya mwisho inayouliza kama mkufunzi alieleweka na chakula kilikuwa kizuri. Tangu mwaka 1959 Donald Kirkpatrick alitenganisha ngazi nne: mshiriki alipendezwa, alijifunza, anafanya kazi kwa namna tofauti, na kazi yenyewe imebadilika. Taasisi nyingi husimama kwenye ya kwanza kwa sababu ni rahisi. Wewe nenda moja kwa moja kwenye ya tatu na ya nne. Mwezi wa tatu, waulize wanaoongozwa naye, bila yeye kuwapo, ni kitu gani anafanya sasa ambacho hakukifanya zamani. Wakikosa cha kutaja, bado hakijatokea. Mwezi wa sita, rudi kwenye namba ya lori getini au ya mashine iliyosimama, uilinganishe na ya idara ambayo haikupeleka mtu, maana msimu wa biashara unaweza kuwa umezishusha zote mbili. Namba ikiwa imesogea, mtu huyo awe mlezi wa atakayepokewa kutoka kampuni nyingine, na anayefuata kwenda atoke katika idara ile ya kulinganishia. Namba isiposogea, soma kwanza kumbukumbu za zile nusu saa za kila wiki kabla ya kumlaumu mfanyakazi au chuo. Kama vikao havikufanyika, anayefuata kwenye orodha ya mafunzo ni bosi wake.